Neno Lenye Mkia

Shambani kwa Bwana Faini, nje kidogo ya Eldoret kwa upande wa Plateau, watu waliitwa kwa namna mbili. Ukimkera Bwana, uliitwa "wewe". Ukimpendeza, uliitwa "boyo". Waliompendeza walikuwa wachache: mbwa wake Taiga, mzee arap Yego aliyemchungia ng'ombe, na karani wake Kituyi, ambaye bahati hiyo aliiona kama adhabu.

Jina la kweli la Bwana huyo lilikuwa Feeney. Wafanyakazi walilipinda kidogo tu, na kwa jinsi alivyopenda kukata posho ya mtu aliyechelewa kazini, hawakulipinda mbali. Kwao Bwana kulikuwa Ayalandi, kisiwa kilicho kando ya Uingereza. Alipewa shamba baada ya ile vita ya kwanza ya Wazungu kwa sababu alipigana vizuri, au kwa sababu alirudi akiwa hai. Hilo hakuna aliyeelezwa. Huko Ayalandi, mtu akimwita kijana, au mtoto wa kiume aliyemzoea, humwambia "boyo". Ni lile neno "boi" la Waingereza, lililoongezewa mkia wa mapenzi. Bwana Faini alilisema bila kufikiri, kama mtu anavyokohoa.

Siku alipofika shambani, aliwakuta hapo skwota wa Kinandi, wenyeji waliolipia makao yao kwa kazi, ambao baba zao walilisha ng'ombe nyasi zile kabla neno skwota halijazaliwa. Arap Yego alikuwa amesimama langoni na fimbo yake. Alikuwa ametoka kumtumikia Kaburu mmoja aliyemwita kwa mluzi. Bwana Faini akashuka kwenye gari la ng'ombe, akamtazama yule mtu mrefu mwenye blanketi begani, akampenda kwa sababu anazozijua mwenyewe, akasema:

"Habari, boyo."

Arap Yego alisahau kujibu.

Kwa Kinandi, boiyo ni mzee. Si mzee wa mvi tu. Ni mtu aliyekwisha kuuvuka ujana na vita vyake, anayeketi na wazee wenzake, ambaye akikohoa wengine hunyamaza. Ukimwita mtu hivyo, umempa kiti. Neno "boi" arap Yego alilijua: boi alikuwa mtu wa kufua nguo na kuosha sahani, na hilo halikumhusu. Lakini hili lilikuwa na mkia wake kamili, kama linavyotamkwa kwao tangu zamani. Liandike upendavyo, masikioni ni neno lilelile.

"Huyu amelelewa," aliwaambia wenzake jioni ile. "Kwao kuna wazee."

Tangu siku hiyo ng'ombe wa Bwana Faini walichungwa kama ng'ombe wa mahari. Skwota wa mashamba mengine walipokuwa wakitoroka na mifugo yao, wa Bwana Faini walibaki, kwa maana arap Yego alisema mtu haikimbii nyumba anakoheshimiwa. Naye Bwana Faini, akienda mjini Sisibo (ndivyo watu walivyouita Eldoret, kwa ile namba yake ya zamani, siksti-foo), aliwaeleza Wazungu wenzake kwamba siri ya kukaa na Wanandi ni moja tu: kuwa mkali.

Kituyi alikuja miaka mingi baadaye. Alikuwa kijana wa Kibukusu kutoka Kimilili, mwembamba, mwenye shati jeupe alilolifua mwenyewe kila alipolivua. Kiingereza alipewa na misheni. Kinandi alikisikia kwa sababu alikua jirani na Wasabaoti wa Mlima Elgon, ambao lugha yao na ya Wanandi ni ndugu. Kiswahili alipewa na kila mtu. Kwa hiyo alipata kazi ya ukarani pamoja na ukalimani, kwa mshahara wa ukarani peke yake.

Aliamini mambo matatu: kwamba Mungu yupo, kwamba kweli humweka mtu huru, na kwamba siku moja Mwafrika atamtazama Mzungu machoni na kumwambia, mimi si boi. Hotuba ya siku hiyo alikuwa ameitunga tangu shuleni. Ilianza na mstari wa Biblia, ikaishia kwa machozi. Kilichokosekana ni nafasi ya kuitoa, na kila asubuhi Bwana Faini alipoingia ofisini akisema "Kalamu iko wapi, boyo?" Kituyi aliimeza tena hotuba yake na kumpa kalamu.

Siku yake ya kwanza kazini, alipotoka ofisini alimkuta arap Yego akimngoja nje.

"Wewe karani, Kizungu unajua sawasawa?"

"Najua, Mzee."

"Basi niambie. Huyu Bwana akiniita boiyo, anasema na mdomo tu, ama inatoka ndani?"

Kituyi alifungua kinywa kusema kweli, ili mzee awekwe huru. Kisha akamtazama. Uso wa mzee ulikuwa unangoja. Na nyuma ya mzee alisimama binti mwenye mtungi wa maziwa, akimwangalia karani huyu ajuaye Kizungu.

"Inatoka ndani kabisa, Mzee."

Haikuwa uongo, alijiambia baadaye akipiga magoti kusali. Neno la Bwana Faini kweli lilitoka ndani. Yeye hakuulizwa lilimaanisha nini huko ndani.

Binti yule, mtoto wa arap Yego, aliitwa Jeruto. Alikuwa anakwenda darasa la kusoma la misheni pale Plateau, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu. Kila asubuhi alileta maziwa kwenye kibanda kilichokuwa karibu na dirisha la ofisi, na kila asubuhi alikuwa na neno kwa karani.

"Karani, shati lako halichoki kuoga?"

"Usafi ni jirani ya utakatifu, Jeruto."

"Basi hilo litatangulia mbinguni, wewe ulifuate kifua wazi."

Mapenzi huanza kwa maneno mabaya kuliko hayo. Mwaka haukuisha kabla Kituyi hajamwita mjomba wake kutoka Kimilili, akaja na mtungi wa pombe ambao mpwa wake, kama Mkristo, hakuuonja. Wakaketi nyumbani kwa arap Yego.

"Mtu wa Kimilili si mtu wa mbali," alisema arap Yego. "Mnatahiri. Mna marika kama sisi. Hata majina ya marika mmeiba kwetu."

"Ama ninyi mliiba kwetu," alisema mjomba.

Wakacheka, kwa maana pombe ilikuwa nzuri.

"Mimi nauliza kitu moja tu," aliendelea mzee. "Kwetu, mtu haoi binti ya mtu wa rika lake. Binti ya mwenzako ni binti yako. Lakini huyu kijana ni wa rika la Maina, mimi ni wa Kimnyige. Hakuna shida. Anaomba Mungu kwa muda mrefu sana, hata chakula inapoa, lakini hiyo si ugonjwa. Siku ya josho ikipita, tutafunga maneno."

Josho la ng'ombe lilikuwa shimo refu la saruji lililojaa maji ya dawa ya kupe, na siku ya josho shamba zima lilikusanyika: wachungaji, wake zao, watoto, na Bwana Faini juu ya kiti chake cha kukunja. Kituyi alikuwapo kuhesabu mifugo. Ndama mmoja akateleza, akazama. Watu wakapiga kelele, na kabla kelele haijaisha, karani alikuwa amejitupa kwenye dawa na shati lake jeupe. Akatoka na ndama mikononi, ananuka kama duka la dawa.

Bwana Faini aliruka kutoka kitini, akampiga bega kwa furaha. Mbele ya watu wote, kwa sauti iliyofika hata ng'ambo ya zizi, akapaza: "Vizuri sana, boyo! Vizuri sana!"

Ndama peke yake ndiye aliyekohoa.

Fimbo ya arap Yego ilianguka. Hakuiokota. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuingia ofisini, wala hakuwahi kusikia neno lile likielekezwa kwa mtu mwingine.

"Amekuita nani?" alimwuliza Kituyi, Bwana alipokwisha kwenda kunawa mikono.

"Mzee, ni maneno tu ya—"

"Nimeuliza amekuita nani. Masikio yangu haina nta."

Maji ya dawa yalikuwa yanamtiririka Kituyi mpaka viatuni. "Ameniita boiyo," alisema.

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari ya kifo na ya sherehe kwa pamoja. Akamshika mkono, akaupiga mara kadhaa.

"Hongera. Sikujua. Ulinificha kwa unyenyekevu wako. Basi tumekuwa wenzi, rika moja. Utaketi na sisi wazee, na hakuna mtu atakunyima kiti." Akauachia mkono. "Lakini mwenzangu, sasa binti yangu ni binti yako. Na mtu haoi binti yake."

Asubuhi iliyofuata Jeruto alitua mtungi wake dirishani kwa adabu kubwa.

"Umeamkaje, baba?"

"Jeruto, usinitanie."

"Nitanie mzazi wangu? Mungu apishe mbali. Baba, nikuletee kiti? Mgongo unakuuma?" Kisha Kituyi akaona macho yake hayakuwa yanacheka. "Karani, lile neno la Mzungu lina maana gani?"

Akamweleza. Jeruto alisikiliza mpaka mwisho, mkono umeziba mdomo.

"Tangu nilipokuwa mtoto?" aliuliza. "Tangu zamani hiyo yote?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na wewe ulijua."

"Nilimhurumia."

"Huruma yako imenipa baba wa pili. Nenda ukamwambie."

Akaenda. Murunga, mpishi wa Bwana, alimwona akipita na kumtania kutoka mlango wa jikoni: "Mkalimani! Nimesikia umefungwa na ulimi wako mwenyewe!" Kituyi hakujibu. Alimkuta arap Yego malishoni, akaketi karibu naye kwenye nyasi, akaanza mbali kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Mzee, maneno ya Wazungu ni mapana. Hili la boiyo, Bwana hulitumia kwa wengi. Hata mbwa wake Taiga anamwita hivyo."

Mzee alilifikiria jambo hilo kwa muda, akiwatazama ng'ombe.

"Taiga amezeeka," alisema hatimaye. "Meno imeisha. Haoni vizuri. Kumbe Bwana anaheshimu umri hata kwa mbwa! Sisi hatujafika hapo."

Kituyi alitafuta njia nyingine ya kuingilia, lakini mzee alikuwa ameketi wima, ameridhika, jua la asubuhi liko usoni pake. Kumwambia wakati ule kungekuwa kama kumvua mtu blanketi kwenye baridi ya Uasin Gishu na kumwambia hili halikuwa lako. Kweli humweka mtu huru, ndiyo. Lakini huyu alionekana huru tayari.

"Nimekufikiria," alisema arap Yego. "Unampenda huyu mtoto?"

"Nampenda, Mzee."

"Mpaka ukubali kushuka?"

"Kushuka wapi?"

"Kwa uzee. Urudi kijana. Ni jambo kubwa, sikudanganyi. Mimi mwenyewe nisingeweza. Lakini kama unampenda, iko njia. Cheo haivuliwi kichakani. Yule alikuvalisha ndiye akuvue. Jumamosi watu wakikuja kuchukua posho, utasimama mbele ya Bwana, na sisi wazee tuko nyuma yako, useme kwa sauti: mimi si boiyo. Sema na Kiswahili, kila mtu asikie."

Kituyi alihisi nyasi zikiyumba. Ilikuwa hotuba yake. Yaleyale maneno aliyoyabeba tangu shuleni, aliyoyameza kila asubuhi pamoja na uji, sasa anatakiwa kuyasema hadharani, ili kuomba ashushwe!

Alimweleza Jeruto.

"Sema," alisema Jeruto. "Nimechoka kuwa na baba wawili."

"Bwana atadhani ni ukaidi. Anaweza kunifukuza. Anaweza kuniita mtu wa siasa, nifungwe."

"Na usiposema?"

Kituyi alikwenda kufua shati lake.

Jumamosi ilifika na manyunyu. Watu walipanga mstari na magunia yao mbele ya ghala, Murunga akiwa mlangoni na kibaba cha kupimia unga, Bwana Faini kando yake na mwavuli. Wazee wanne walikuja na kusimama nyuma ya Kituyi wakiwa wamefunga mablanketi yao mazuri. Arap Yego alikuwa katikati. Kwa mbali kidogo, kati ya wanawake, alisimama Jeruto.

"Bwana," alisema Kituyi, "naomba kusema."

"Sema, boyo."

Mstari wa Biblia ulimtoka kichwani. Sehemu zote za hotuba zikamtoka. Yalibaki maneno yale tu.

"Mimi si boyo."

Nyuma yake wazee walinguruma kwa ridhaa: kijana amejishusha. Mbele yake Bwana Faini aliganda: kijana amejiinua. Katikati ya mstari mwanamume mmoja, ambaye hakuwa Mnandi wala Mzungu, alisema taratibu, "Ee Mungu," akaweka gunia lake chini ili awe tayari kukimbia.

Uso wa Bwana uliwiva. Shingo pia. Alifunga mwavuli, na watu wakadhani atampiga nao.

"Tangu lini wewe nafikiri hii?" aliuliza kwa kile Kiswahili chake cha shambani.

"Tangu siku ya kwanza, Bwana."

Hilo lilikuwa kweli tupu, na labda ndiyo maana lilitoka vizuri.

Manyunyu yalimlowesha Bwana Faini mabegani. Aliposema tena, alisema Kiingereza, polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya zamani.

"Baba yangu alilima ardhi ya tajiri mmoja Mwingereza. Alikuwa na mvi kichwa kizima, na yule tajiri akimwita boi. Boi, leta farasi. Boi, fungua lango. Mpaka tulipomzika." Akavua kofia yake. "Una haki, olmani. Kuanzia leo hakuna mtu wa shamba hili atakayeitwa boyo na mimi."

"Anasema nini?" alinong'ona arap Yego.

Sasa, "olmani" neno kwa neno ni mtu mzee, ingawa Waingereza huitana hivyo wakiwa marafiki, hata kama ndevu hazijaota. Kituyi alikuwa ameapa mbele za Mungu kutafsiri kwa uaminifu. Alitazama wanawake waliko, akamwona Jeruto.

"Anasema amekubali," alitafsiri.

Wazee wakampiga mabega. Arap Yego akatangaza palepale kwamba kijana ni kijana tena, na Jumatatu maneno ya mahari yatafungwa. Kituyi alikwenda kusali, akakaa magotini mpaka chakula kikapoa. Katika siku moja alikuwa amepata mke na uhuru wa Mwafrika, na hakuwa na uhakika amshukuru Mungu kwa kipi kwanza.

Bwana Faini alikwenda Sisibo, klabuni kwao, akawaeleza wenzake jinsi alivyoachana na neno la aibu. Walimcheka, naye alirudi nyumbani akiwa amejipenda zaidi. Posho haikuongezeka hata kibaba. Skwota waliendelea kuruhusiwa ng'ombe walewale wachache kwenye nyasi zilezile za baba zao. Neno tu ndilo lililopandishwa daraja.

Jumatatu asubuhi arap Yego alikuwa akifungua boma la ng'ombe alipopita Bwana Faini na mbwa wake. Bwana alisimama, akanyoosha koti, akasema kwa heshima zote alizokuwa nazo:

"Gudi moning, Mista Yego."

Mzee aligeuka kutazama nyuma, aone ni nani anayesalimiwa. Hapakuwa na mtu.

Jua lilikuwa limepanda Murunga alipokuja mbio ofisini.

"Karani, kimbia! Ng'ombe ziko bomani zinalia na baba mkwe wako amejifungia ndani. Anasema hachungi."

"Ni mgonjwa?"

"Mimi najua? Anauliza mista ni kitu gani. Nimemwambia labda ni dawa."

Kituyi alimkuta mzee ameketi gizani kando ya jiko lililozimika. Jeruto alikuwa mlangoni, na alimpisha bila mzaha wowote.

"Mista ni nini?" aliuliza arap Yego.

"Ni heshima, Mzee. Wazungu wenyewe huitana hivyo."

"Wote?"

"Wote."

"Hata vijana?"

"Hata vijana."

"Hata yule Kaburu mlevi wa kule mtoni, anayelala kwa gari la ng'ombe?"

Kituyi alitamani kusema hapana. "Hata yeye."

"Basi hiyo ni kusema mtu," alisema mzee. "Miaka hii yote nilikuwa boiyo. Leo nimekuwa mtu." Akachokoa majivu kwa fimbo. "Mimi nilikutuma urudishe yako. Umerudisha na yangu. Nimekosa nini kwa huyu Bwana? Ng'ombe gani nimepoteza?"

"Hujakosa chochote, Mzee."

"Basi nenda umwulize aniambie nimekosa nini. Ama anirudishie neno langu. Binti yangu hawezi kutoka kwa nyumba ya mtu amevuliwa uzee. Watu watasema nimemuuza. Nirudishie, ndiyo tuongee mambo ya ng'ombe."

Kutoka boma la arap Yego mpaka ofisini si mbali, lakini Kituyi aliifanya njia iwe ndefu. Tangu utoto alikuwa ameiota siku ambayo Mzungu angekoma kuwaita wanaume watoto. Siku hiyo ilikuja. Ilidumu toka Jumamosi hadi Jumatatu. Na sasa yeye mwenyewe, kwa miguu yake, alikuwa anakwenda kuomba ifutwe.

"Karibu, olmani!" alisema Bwana Faini, ambaye tangu Jumamosi alikuwa na uchangamfu wa mtu aliyebatizwa.

"Bwana, nimekuja kukuomba. Tafadhali, mwite arap Yego boyo."

Bwana aliweka kalamu chini. "Lakini wewe ndiye—"

"Mimi usiniite. Yeye mwite."

"Sitaki. Mtu mzima kama yule! Nimempa heshima yake."

"Umemnyang'anya, Bwana."

Ndipo Kituyi alipoitoa ile kweli aliyomficha mzee siku zote, ingawa hakumpa aliyestahili kuipokea kwanza. Alimweleza boiyo ni nani kwa Wanandi. Alimweleza kiti, na kukohoa, na wengine kunyamaza. Bwana Faini alisikiliza, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka Taiga akaamka na kubweka. Halafu, katikati ya kicheko, kitu fulani kikamgonga, akakoma.

"Na amekaa kwangu miaka yote hii, yeye na watu wake, kwa sababu ya..."

"Kwa sababu ya neno, Bwana."

"Si kwa sababu mimi ni mkali?"

"Hapana, Bwana."

Bwana Faini alitazama nje ya dirisha, kule ng'ombe walikokuwa wakilia bomani. Alikuwa mwekundu tena, lakini si kwa hasira.

"Sasa nitalisemaje?" aliuliza.

"Kama ulivyolisema zamani."

"Zamani sikujua nasema nini."

Lugha nne alizokuwa nazo Kituyi hazikumfundisha hilo. "Lakini naomba, Bwana, usilipeleke klabuni. Mtu asilicheke."

Bwana akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye ngano. Arap Yego alisimama penye lango la boma, blanketi begani, macho mbali, kama mtu asiyengoja kitu. Kituyi na Jeruto walisimama kwenye kibanda cha maziwa, na mtungi aliokuwa ameushika Jeruto ulikuwa umejaa mpaka unamwagika, wala hakuna kati yao aliyeuona.

Bwana Faini alishuka kutoka barazani. Alikuja polepole kuliko siku zote. Alipofika langoni alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Habari ya asubuhi," alisema. Akatua. "Boiyo."

Mzee alimtazama usoni, akaitazama kofia iliyo mkononi.

"Mzuri," alijibu. Akavuta mti wa lango, na ng'ombe wakatoka.

Bwana alipokwisha kupita, arap Yego alimwita Kituyi kwa kidole. Kituyi alikwenda.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Leo amelisema vibaya. Limekwama hapa." Alijigusa koo. "Zamani lilikuwa linatoka lenyewe, tamu, kama mtu wa kwetu. Leo amelisema kama mgeni, kama mtu ndiyo anajifunza."

Mzee aliwatazama ng'ombe wakiingia kwenye ukungu, mmoja mmoja, kisha akachukua fimbo yake.

"Lakini si neno," alisema. "Atazoea tena. Mwambie mjomba wako alete ng'ombe."